Huduma Moja kwa Watu Wote: Mhadhara Kuhusu Bima ya Afya ya Mlipaji Mmoja Katika Majimbo ya Marekani

Nawashukuru kwa kuacha mapumziko yenu ya Jumamosi, maana najua wengi mmetoka zamu na wengine mnaingia zamu usiku huu huu.

Mada yetu ina siasa ndani yake na ina fedha ndani yake, kwa hiyo nitataja msimamo wangu mapema ili kila mtu ajue ninakoelekea. Naamini kila mkazi wa jimbo, awe mzawa au mgeni, anapaswa kutibiwa kwa fedha za mfuko mmoja wa umma. Mfuko huo uchangiwe na wote kwa kadiri ya kipato, nao ulipe madaktari na hospitali kwa niaba ya wote. Naamini pia kwamba jimbo linaweza kuanza safari hiyo bila kuisubiri Washington. Jambo la tatu ndilo nitakalolitetea kwa nguvu zaidi: jimbo likitaka kufika, lianze kwa kutoa huduma moja kwa watu wote, badala ya kutoa huduma zote kwa baadhi ya watu.

Fedha zipo, zinakwenda wapi?

Tuanze na hali ilivyo. Marekani haina mfumo mmoja wa kulipia matibabu, ina mingi inayopishana. Aliyefikisha miaka 65 ana Medicare, ya serikali kuu. Mwenye kipato kidogo ana Medicaid, ambayo serikali kuu na jimbo huigharimia kwa pamoja. Mfanyakazi ana bima ya mwajiri, akiwa na mwajiri anayeitoa. Anayejitegemea hununua bima kwenye soko lililoanzishwa na sheria ya mwaka 2010. Wanajeshi wastaafu wana utaratibu wao. Mwaka 2023 walibaki watu wapatao milioni 26 ambao hawakuwa na bima yoyote.

Mtu angedhani watu hao wameachwa nje kwa sababu fedha ni kidogo. Mwaka huo huo wa 2023 nchi hii ilitumia dola trilioni 4.9 kwa afya, yaani asilimia 17.6 ya uchumi wake wote. Hakuna nchi nyingine tajiri inayotumia sehemu kubwa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya fedha hizo huliwa na makaratasi. Madaktari David Himmelstein na Steffie Woolhandler, pamoja na mwenzao Terry Campbell, walichapisha utafiti mwaka 2020 uliolinganisha Marekani na Kanada kwa takwimu za mwaka 2017. Upande wa Marekani, gharama za utawala zilikuwa asilimia 34.2 ya matumizi ya afya. Upande wa Kanada, zilikuwa asilimia 17. Hizo ni fedha za kuandaa madai, kukataa madai, kukata rufaa dhidi ya kukataliwa, kutafuta wateja, na kulipa makarani wa hospitali wanaopambana na makarani wa kampuni za bima.

Bima ya mlipaji mmoja inaondoa vita hiyo ya makarani. Naomba tuelewane hapa, kwa sababu watu huogopeshwa bila sababu. Hospitali inabaki na wamiliki wake. Daktari anabaki na kliniki yake, na mgonjwa anaenda kwa daktari anayemtaka. Kinachobadilika ni dirisha la malipo. Badala ya kampuni kadhaa, kila moja na bei zake, fomu zake na orodha yake ya madaktari, linabaki dirisha moja lenye bei moja inayojulikana.

Tukiisoma bahasha

Mimi ni mkalimani wa hospitalini. Kazi yangu ni kusimama kati ya mgonjwa na daktari, na mara nyingi zaidi ya watu wanavyofikiri, kati ya mgonjwa na ofisi ya malipo. Niruhusuni niwaoneshe bahasha moja, ya aina ambayo naamini iko kwenye droo ya kila nyumba hapa.

Baba mmoja anafanya kazi kwenye ghala, na ana bima ya mwajiri. Mwanawe alianguka akicheza mpira, mkono ukavunjika. Walipokelewa vizuri, mkono ukapigwa picha na kufungwa plasta, wakarudi nyumbani. Wiki chache baadaye ikaja barua ya kampuni ya bima iliyoandikwa juu kabisa kwamba hiyo si bili. Ndani yake mna safu za tarakimu. Safu ya kwanza ni bei iliyotozwa na hospitali. Ya pili ni bei waliyokubaliana hospitali na kampuni ya bima, ndogo kuliko ya kwanza. Ya tatu ni kiasi ambacho bima imelipa, na mle ndani kulikuwa na sifuri. Ya nne ni kiasi anachodaiwa mgonjwa, nacho kilikuwa bei yote iliyokubaliwa. Sababu ni kwamba bima hiyo haianzi kulipa mpaka familia itoe kwanza maelfu ya dola kutoka mfukoni mwake kila mwaka. Kisha zikaja bili zenyewe, kila moja na bahasha yake: ya hospitali, ya daktari wa dharura, ya daktari aliyesoma picha ya mkono, ambaye wao hawakuwahi kumwona.

Baba yule alinisikiliza nikimtafsiria maelezo ya karani mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, mwambie hivi. Nakatwa mshahara kila wiki mbili. Hiyo hela ninayokatwa, inafanya nini?"

Nilimtafsiria karani swali hilo neno kwa neno. Mkalimani hana ruhusa ya kuongeza la kwake, na sikuongeza. Leo niko hapa kwa nafsi yangu, nami nataka kulijibu.

Mwaka 2024, bima ya familia inayotolewa na mwajiri iligharimu wastani wa dola 25,572 kwa mwaka. Kati ya hizo, mfanyakazi alikatwa wastani wa dola 6,296. Zilizobaki, zaidi ya 19,000, zilitolewa na mwajiri. Wachumi wengi hukubaliana kwamba hata hizo za mwajiri ni mshahara wa mfanyakazi uliopitishwa mlango mwingine. Kwa hiyo baba yule tayari analipa kodi ya afya. Haiitwi kodi, haipigiwi kura, na mwenye ghala na mfagiaji wa ghala wanalipia bima hiyo karibu kiasi kile kile. Hili tulishike, maana ndilo litakalotusaidia kuelewa kilichotokea Vermont.

Saskatchewan: jimbo lililotangulia

Watu wakisikia Kanada ina bima ya afya kwa wote, hudhani serikali kuu ya Ottawa iliamka siku moja ikaamua. Sivyo. Ilianza kwenye jimbo moja la wakulima wa ngano, Saskatchewan, lililokuwa na watu wasiofika milioni moja wakati huo. Lilikuwa jimbo lililoumizwa vibaya na ukame na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Vijiji vyake vilikuwa na desturi ya zamani ya kumwajiri daktari kwa kodi ya kijiji, kwa sababu bila hivyo daktari asingekaa huko.

Mwaka 1944 wananchi walimchagua Tommy Douglas kuwa waziri mkuu wa jimbo. Alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, mhamiaji aliyezaliwa Uskoti. Utotoni, mjini Winnipeg, aliugua mfupa wa mguu mpaka ikaelekea ukatwe, kwani wazazi wake hawakuwa na fedha. Ukaokolewa na daktari bingwa aliyekubali kumtibu bure kwa sharti kwamba wanafunzi wake watazame. Maishani mwake Douglas alirudia kusema kwamba mguu wa mtoto haupaswi kutegemea bahati kama hiyo.

Angalieni alivyoanza. Hakuleta kila kitu kwa pamoja. Tarehe 1 Januari 1947 jimbo lilianzisha bima ya hospitali peke yake. Kila mkazi alichangia dola 5 kwa mwaka, na familia haikuzidi dola 30, na fedha nyingine zikatoka kwenye kodi za jimbo. Kumwona daktari kliniki kulikuwa bado ni juu yako. Lakini kitanda cha hospitali kilikuwa haki ya wote, mwenye shamba kubwa na kibarua wake. Watu wakaishi na mpango huo miaka kumi na tano. Wakauzoea mchango wake, wakaona unakokwenda.

Ndipo Desemba 1959 Douglas akatangaza kwamba sasa ni zamu ya malipo ya madaktari. Akataja kanuni zake waziwazi, mojawapo ikiwa kwamba huduma italipiwa kabla mtu hajaugua, na nyingine kwamba hakuna atakayeachwa nje. Uchaguzi wa 1960 ukapiganwa juu ya jambo hilo, chama chake kikashinda. Sheria ikapitishwa mwaka 1961. Douglas alipokwenda kuongoza chama kipya cha kitaifa, mrithi wake, Woodrow Lloyd, ndiye aliyebaki kuutua mzigo.

Tarehe 1 Julai 1962 mpango ulianza, na siku hiyo hiyo madaktari walio wengi walifunga kliniki zao. Mgomo ulidumu siku 23. Serikali ya jimbo ilileta madaktari kutoka Uingereza, na wananchi walianzisha kliniki zao za ushirika pamoja na madaktari wachache waliounga mkono mpango. Wapinzani waliitisha maandamano makubwa mbele ya bunge mjini Regina, wakitarajia makumi ya maelfu. Walifika watu wapatao 5,000. Tarehe 23 Julai pande mbili zilitia saini makubaliano mjini Saskatoon: madaktari wangebaki huru, wakilipwa kwa kila huduma, na mfuko wa umma ndio ungelipa.

Kilichofuata ndicho kinachonipa imani kuliko yote. Mwaka 1964 chama cha Lloyd kilishindwa uchaguzi. Waliokuwa wakiupinga mpango wakaingia madarakani, nao hawakuufuta. Mwaka 1968 wakaweka tozo kwa kila mtu anapomwona daktari. Mwaka 1971 wananchi wakawaondoa, na tozo ikafutwa. Mkulima, karani, mwalimu na mjane wote walikuwa ndani ya mfuko mmoja, kwa hiyo yeyote aliyeugusa aliwagusa wote.

Wakati huohuo, tume ya kitaifa ya Jaji Emmett Hall ilipendekeza mwaka 1964 kwamba nchi nzima ifuate mfano huo. Bunge la Ottawa likapitisha sheria mwaka 1966, na kuanzia 1 Julai 1968 serikali kuu ikawa inalipa nusu ya gharama kwa jimbo litakaloingia. Kufikia 1972 majimbo yote yalikuwa yameingia. Muda wa miaka kumi tu.

Vermont: jimbo lililoishia njiani

Sasa turudi Marekani. Vermont ni jimbo dogo la kaskazini-mashariki, lenye watu wapatao 626,000 wakati huo. Huko Burlington na Winooski wanaishi pia ndugu zetu waliotoka Kongo, Burundi na Somalia. Mei 2011 Gavana Peter Shumlin alitia saini sheria iliyokusudia kulifanya jimbo hilo kuwa la kwanza nchini kuwa na mlipaji mmoja. Mshauri wao alikuwa Profesa William Hsiao wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye aliwahi kusaidia kusanifu bima ya taifa ya Taiwan iliyoanza mwaka 1995. Hapakukosekana utaalamu wala nia.

Kilichokosekana ni kuambiana mapema. Sheria ilitaja faida zote, ila swali la nani atalipa nini likaachwa kwa ripoti ya baadaye. Ripoti hiyo ilitakiwa mwanzoni mwa 2013. Haikutoka kwa wakati. Wakati huohuo mtandao wa jimbo wa kuandikisha watu kwenye soko la bima ukawa unasuasua, na wananchi wakaanza kujiuliza kama serikali inayoshindwa kuendesha tovuti itaweza kuendesha bima ya wote. Novemba 2014 Shumlin alipata chini ya nusu ya kura, ikabidi bunge la jimbo ndilo limthibitishe. Tarehe 17 Desemba, wiki sita baada ya uchaguzi, alitangaza kwamba mpango umesimama, na hapo ndipo tarakimu zikajulikana: waajiri wangetozwa asilimia 11.5 ya mishahara, na kaya zingechangia hadi asilimia 9.5 ya kipato. Kwa jumla, ni fedha zinazokaribia kodi zote ambazo jimbo lilikuwa likikusanya kwa mwaka.

Tarakimu hizo zinatisha zikisimama peke yake. Zikiwekwa kando ya zile dola 25,572 na ile sifuri kwenye safu ya tatu ya barua ya bima, picha inabadilika. Familia nyingi zingelipa zaidi kwa jina la kodi na kuacha kulipa kwa jina la bima. Lakini mlinganisho huo huchukua muda kuingia akilini, na wananchi wa Vermont hawakupewa muda. Walipewa ahadi miaka mitatu, kisha wakapewa bei na habari ya kifo cha mpango siku moja.

Mtu ataniuliza kuhusu Colorado, na swali hilo ni la haki. Huko kodi ilitajwa wazi, asilimia 10 ya mishahara, mwajiri akichangia theluthi mbili na mfanyakazi theluthi moja. Wapigakura waliikataa Novemba 2016 kwa karibu asilimia 80. Kwa hiyo ukweli peke yake hautoshi. Watu waliombwa kukabidhi kila kitu kwa mkupuo, kwa chombo ambacho hakijawahi kuwahudumia hata kwa kitu kimoja. Saskatchewan ilikuwa na miaka kumi na tano ya bima ya hospitali kama ushahidi. Colorado ilikuwa na kijitabu cha maelezo.

Ndiyo maana nasema: huduma moja kwa watu wote. Jimbo lianze na huduma ya msingi, yaani daktari wa familia, chanjo, kliniki ya wajawazito, vipimo vya sukari na presha. Huduma hiyo inachukua sehemu ndogo ya gharama zote, na karibu kila familia huihitaji ndani ya mwaka. Ilipiwe na mfuko mmoja, bila kadi kumi za bima, bila malipo mlangoni. Wananchi wakishaona mchango wao unafanya kazi kwenye kliniki ya mtaani, ombi la kuongeza hospitali halitakuwa ombi la kuruka gizani.

Vikwazo vya kweli

Sitaki kuwadanganya kwamba njia ni nyeupe. Jimbo la Marekani lina vikwazo ambavyo Saskatchewan haikuwa navyo.

Cha kwanza ni sheria ya serikali kuu ya mwaka 1974 inayojulikana kwa kifupi kama ERISA. Inazuia majimbo kusimamia mipango ya bima ambayo waajiri wanaigharimia wenyewe, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye bima ya mwajiri wako kwenye mipango ya aina hiyo. Jimbo haliwezi kumwamuru mwajiri aifunge. Njia ambayo wataalamu wengi wanaipendekeza ni kutoza kodi ya mishahara kwa waajiri wote sawasawa, wenye mpango na wasio nao, na kumwachia mwajiri aamue kama kuna haja ya kulipia mara mbili.

Cha pili ni fedha za Medicare na Medicaid. Ni nyingi mno, na jimbo haliwezi kuzielekeza kwenye mfuko wake bila ruhusa ya Washington. Sheria ya 2010 iliweka mlango wa kuomba ruhusa juu ya fedha za lile soko la bima kuanzia 2017, lakini mlango huo una bawabu, na bawabu hubadilika kila baada ya uchaguzi. Hata hivyo tunao mfano unaoonesha kwamba inawezekana. Tangu mwaka 1977 jimbo la Maryland limekuwa likipanga bei za hospitali zake kwa walipaji wote, na Medicare imekubali kulipa bei hizo hizo. Mwaka 2014 Maryland ikapiga hatua tena, ikaanza kuzipangia hospitali bajeti ya mwaka mzima badala ya kuzilipa kwa kila kitanda. Marais wa vyama vyote viwili wamepita, utaratibu umebaki.

Cha tatu ni bajeti. Karibu majimbo yote yanalazimika kuwa na bajeti isiyo na nakisi. Uchumi ukianguka, kodi ya mishahara hupungua wakati uleule ambapo wagonjwa wanaongezeka. Mfuko wowote wa jimbo lazima uwe na akiba kubwa tangu mwanzo, na mtu akija kwenu na muswada usiotaja akiba, mrudisheni akaandike upya.

Majimbo hayajakata tamaa. Bunge la chini la New York limepitisha muswada wa mlipaji mmoja zaidi ya mara moja, baada ya kazi ya miaka mingi ya mbunge Richard Gottfried, ingawa Seneti ya jimbo haijaufikisha mwisho. California ilijaribu mwaka 2017 na 2022, ikakwama kwenye swali lile lile la fedha. Mwaka 2023 ikaamua kuanza kwa kuchunguza ruhusa za serikali kuu. Oregon, mwaka 2022, ilikuwa ya kwanza kuandika katika katiba yake kwamba kila mkazi ana haki ya kupata matibabu anayoweza kuyamudu. Mwaka uliofuata ikaunda bodi ya kuandaa mpango kamili wa bima ya wote. Kura ile ilipita kwa tofauti ndogo sana. Kura ndogo ikipita ni sheria.

Kwa wenye wasiwasi

Wengine wanauliza kuhusu foleni. Ni kweli, Kanada watu husubiri muda mrefu kumwona bingwa au kubadilishiwa nyonga, na mpango wao uliacha nje meno na dawa za kumeza nyumbani kwa miaka mingi. Tusiige makosa hayo. Lakini foleni ya Kanada hupangwa kwa uzito wa ugonjwa. Hapa nimekaa na wagonjwa ambao hawamo kwenye foleni yoyote, kwa sababu waliogopa bili wakabaki nyumbani. Hao hawahesabiwi kama wanaosubiri.

Wengine wanauliza kuhusu makarani wa bima watakaopoteza kazi. Ni watu wenye watoto kama sisi, na baadhi yao ni sisi wenyewe. Muswada wowote wa haki lazima uwatengee fedha za mafunzo na mshahara wa kipindi cha mpito. Hilo ni la kudai, na lisiwe sababu ya kuendelea kuwalipa watu kwa kazi ya kukataa madai ya wagonjwa.

Wengine wanasema serikali haiwezi kuendesha jambo kubwa hivi. Medicare ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965. Mwaka haukuisha, tarehe 1 Julai 1966 ikaanza, ikiwa imeandikisha wazee wapatao milioni 19, bila kompyuta za leo. Na kwa kuwa hospitali isiyowapokea watu weusi sawa na weupe isingelipwa hata senti, zaidi ya hospitali elfu moja ziliondoa ubaguzi wa wodi ndani ya miezi michache. Mlipaji mmoja mkubwa, akiwa na nia njema, ana nguvu ya kubadilisha mambo ambayo hotuba hazikuweza.

Kwa nini jambo hili ni letu

Tuliotoka kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, na tuliotoka Dar es Salaam, Mombasa na Bukavu, tunajua kuchangishana. Mtu akilazwa, kikundi cha WhatsApp hufunguliwa, mweka hazina huandika majina, na kufikia usiku fedha zimepatikana. Ni utu wetu na ninajivunia. Lakini mchango wetu humfikia mwenye ndugu wengi na marafiki wengi. Aliyefika juzi, asiyejulikana kanisani wala msikitini, hupata kidogo au hapati. Mfuko wa jimbo ni mchango uliofanywa kabla ya ugonjwa, na haumuulizi mgonjwa ana ukoo gani.

Kuna pia jambo la haraka. Sheria ya serikali kuu iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeiweka tarehe 1 Oktoba 2026 kuwa siku ambayo wakimbizi na waliopewa hifadhi, kwa walio wengi, wanaondolewa kwenye Medicaid mpaka wapate kadi ya kijani. Miezi ya kwanza nchini ndiyo miezi ambayo mtu hana kazi, hana Kiingereza, na ana magonjwa aliyotoka nayo kambini. Huko Minnesota, jimbo liliwafungulia bima yake wahamiaji wasio na karatasi Januari 2025. Kabla mwaka haujafika nusu, bunge likaamua kuwaondoa watu wazima kufikia Desemba. Ilikatwa kwa urahisi kwa sababu ilikuwa bima ya wachache, na jirani zao hawakuhisi maumivu. Linganisheni na Saskatchewan ya mwaka 1964, ambako hata chama kilichokuwa kimeupinga mpango, kiliposhinda uchaguzi, hakikuthubutu kuufuta. Usalama wa mgeni uko kwenye kuwekwa mfuko mmoja na mwenyeji.

Kwa hiyo nawaombeni mambo ya kufanya, si kupiga makofi. Mtafuteni mbunge wenu wa jimbo na seneta wenu wa jimbo. Hao wa jimbo si watu wa mbali kama wa Washington. Wana ofisi, wanapokea simu, na barua kumi za wakazi wao huwashtua. Mwenye uraia apige kura, hasa katika chaguzi za awali ambazo wengi wetu huzipuuza. Asiye na uraia hapigi kura, lakini anaweza kuandika barua na kutoa ushuhuda mbele ya kamati. Muswada ukiletwa, ulizeni maswali matatu. Nani atachangia kiasi gani, na familia yangu itaacha kulipa nini? Ni huduma ipi itaanza, na lini? Na je, kuna mkazi yeyote aliyeachwa nje? Asiyekuwa na jibu la swali la kwanza atawafikisha Vermont. Asiyekuwa na jibu la tatu anawaandaa kukatwa.

Na bahasha zenu zileteni. Zifuteni majina kama mnaona aibu, ingawa aibu hiyo si yenu. Kamati ya bunge imesikia wataalamu wengi wa takwimu, na watunga sheria wengi hawajawahi kusomewa barua ya bima safu kwa safu na mtu aliyeipokea. Anayehitaji mkalimani siku hiyo, nitakwenda naye. Na nikimaliza kumtafsiria, nitaomba nami niandikwe kwenye orodha ya wasemaji.